Matema, Mtera au Mufindi? Kuchagua ziwa la safari ya mwaka ya uvuvi na kambi

Makundi mengi ya Mbeya na Iringa huchagua ziwa kwanza, tarehe baadaye. Ndiyo maana Agosti utakuta watu wamekaa ufukweni Matema wakitazama mawimbi, mitumbwi imepandishwa mchangani na ndoano hazijafunguliwa hata kwenye pakiti. Ziwa halina kosa. Wamefika wakati wa mwera, upepo wa kusini mashariki.

Anzeni na mwezi ambao wote mtapata ruhusa kazini, kisha mtafute ziwa linalofaa mwezi huo. Kwa watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini vipindi ni vinne: Pasaka, Saba Saba hadi Nane Nane, Septemba na Oktoba ambako hakuna mapumziko marefu ya sikukuu, hivyo lazima mtu akate likizo, na mwisho wa Desemba. Mazingira matatu yanayolinganishwa hapa yako mbalimbali kabisa: Ziwa Nyasa pale Matema, wilayani Kyela, bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, na mabwawa ya ukanda wa chai wa Mufindi, likiwemo Ngwazi.

| | Matema | Mtera | Mufindi |
|---|---|---|---|
| Mwinuko | karibu mita 475 | karibu mita 700 | mita 1,800 hadi 1,900 |
| Miezi mizuri | Septemba hadi mwanzo wa Desemba | Mei hadi Agosti | Septemba hadi Novemba. Mei kwa wasioogopa baridi |
| Miezi ya kuepuka | Machi hadi Mei (mvua), Juni hadi Agosti (mwera) | Januari hadi Machi (tope), Oktoba na Novemba (maji yamekimbia) | Desemba hadi Aprili (utelezi) |
| Samaki wa kulenga | mbasa, perege, kambale | perege, kambale | inategemea bwawa, ulizeni |
| Mamba na kiboko | wapo, hasa midomo ya mito | wapo wengi | si tatizo la kawaida |
| Malaria | juu | juu | ndogo |
| Gari dogo linafika? | ndiyo | ndiyo | kiangazi tu |

Jedwali linasema nini, halisemi kwa nini. Sababu ndizo zitakazowasaidia mwaka ambao mvua itachelewa au ruhusa itabadilika.

Upepo wa Nyasa

Ziwa Nyasa ni refu kuliko linavyoonekana ukisimama Matema: zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na ninyi mko kwenye ncha ya kaskazini. Mwera hutoka kusini mashariki, na huvuma zaidi kati ya Mei na Agosti. Unasukuma maji urefu wote huo bila kizuizi, hivyo wimbi linalofika kwenye mchanga wa Matema limekua njia nzima. Hata siku ambayo kwenu pana upepo mdogo tu, wimbi laweza kuwa kubwa kwa sababu upepo wenyewe ulivuma mbali huko, usiku uliopita.

Kwa mvuvi wa mtumbwi hilo lina maana moja: msimu wa mwera hesabuni asubuhi pekee, tena si zote. Mtumbwi wa gogo moja hauna ubavu wa kubeba watu watatu, zana na ndoo ya samaki kwenye mawimbi ya ubavuni. Wenyeji wakisema leo hatutoki, msibishane nao na msiongeze dau. Nahodha anayekubali kutoka kwa sababu ya pesa ndiye wa kumkimbia.

Kuanzia Septemba ziwa hutulia. Joto hupanda, maji yanakuwa angavu, na upepo mara nyingi huanza baada ya jua kukolea. Hapo mnaweza kuvua tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa nne bila hofu kubwa. Desemba nayo ni nzuri mpaka mvua zinapokaza. Radi za jioni huja upesi kutoka Milima ya Livingstone, na mkiwa majini hamtaziona kwa sababu mlima unaficha wingu hadi limeshafika. Machi na Aprili, Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini. Hema lolote la bei ya kawaida litavuja. Kundi lenye likizo ya Pasaka pekee liiache Matema, au liende kwa ajili ya wali wa Kyela na kulala nyumba ya wageni.

Maji ya Mtera yanapokimbia

Mtera si ziwa la asili. Bwawa lilikamilika mwaka 1980 kwenye Ruaha Mkuu ili kuhifadhi maji ya kituo cha Kidatu, na mwaka 1988 likaongezewa mitambo yake yenyewe ya megawati 80. Maji yake hupanda na kushuka kwa mahitaji ya umeme pamoja na mvua. Kimo cha juu cha maji cha uendeshaji ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, cha chini ni mita 690. Mita nane na nusu zinasikika kidogo, lakini ardhi ya pale ni tambarare: maji yakishuka mita moja, ukingo hurudi nyuma umbali wa kutembea, na kinachobaki ni tope linalomeza mguu hadi gotini.

Bwawa hujaa kutokana na mito mitatu, Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo, na hufikia kilele chake mwishoni mwa masika. Mei hadi Agosti maji yako karibu na vichaka, tope la mafuriko limetua, na perege wanaona chambo. Huo ndio wakati wenu. Oktoba na Novemba mtatembea muda mrefu juani kufika majini, kwenye tope lenye nyayo za kiboko. Januari hadi Machi mito inaingiza maji ya rangi ya chai ya maziwa. Perege hawali vizuri kwa kuwa hutegemea macho, ila kambale, anayewinda kwa kunusa na kwa sharubu, huchangamka.

Kwa hiyo Nane Nane, wakati Matema inapigwa na mwera na Mufindi inatetemeka, Mtera iko kwenye ubora wake. Ajabu ni kwamba makundi ya Iringa, yaliyo kilomita 120 hivi kutoka pale, huichukulia Mtera kama mahali pa kununua samaki njiani kwenda Dodoma, halafu yanasafiri siku nzima kwenda Nyasa.

Baridi ya Mufindi, na swali la kuuliza kabla ya kufunga mizigo

Mufindi kuna mandhari ambayo huko kwingine hamtayapata: chai pande zote, ukungu asubuhi, hakuna mbu wa kumpiga kofi. Gharama yake ni baridi. Juni na Julai usiku hushuka hadi karibu na digrii 5, na bondeni chini ya hapo, penye jalidi kwenye nyasi. Hewa baridi hutiririka kuelekea mabondeni kama maji, kwa hiyo hema lililopigwa pembeni kabisa mwa bwawa, ambapo ndipo kila mtu anapapenda, ndilo litakaloganda. Pandeni mteremko mita kumi au ishirini juu ya maji na mtajua tofauti saa tisa usiku.

Baridi hiyohiyo huamua samaki. Perege ni samaki wa maji ya moto: maji yakishuka chini ya digrii 20 hula kidogo, yakifika 16 huacha karibu kabisa. Trauti ni kinyume chake. Anapenda maji baridi yenye hewa nyingi, na yakizidi digrii 20 anazubaa. Swali la kwanza kwa mwenye bwawa basi si bei. Muulizeni lina samaki gani. Kundi linalokwenda Julai kuvua perege Mufindi litarudi na picha za chai tu, na si kwa kukosa ujuzi. Likienda Oktoba, jua likiwa limepasha maji ya pembeni, mambo yanabadilika, na saa nzuri ni adhuhuri hadi jioni wala si alfajiri kama Matema.

Mabwawa mengi ya ukanda huu yana wenyewe: kampuni za chai, taasisi, vijiji. Msiingie kwa kudhani maji ni ya umma. Barua fupi au simu wiki mbili kabla, mkitaja idadi ya watu, magari na siku, hufungua geti ambalo kwenye siku yenyewe mlinzi hana mamlaka ya kulifungua.

Zana: usibebe boksi moja kwa maziwa matatu

Kosa la kawaida ni ndoano kubwa. Perege ana mdomo mdogo; ndoano namba 8 au 10 inatosha, na mshipi wa milimita 0.25 hadi 0.30. Kumbukeni namba za ndoano huchanganya: namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo, lakini zenye /0 huenda kinyume, 3/0 ni kubwa kuliko 1/0. Kwa kambale chukueni 1/0 hadi 3/0 na mshipi wa 0.45 au zaidi.

Mtera inataka jambo moja la ziada. Bwawa lilipojaa lilizamisha miti, na visiki vyake bado vimesimama majini. Perege hukaa hapohapo kwenye visiki, penye kivuli na mwani wa kijani wa kula, kwenye kina cha mita moja hadi tatu. Ukitupa mbali na visiki hupati kitu. Ukitupa ndani unanasa. Suluhisho ni kipande cha mwisho cha sentimita 40 chenye ndoano kiwe chembamba kuliko mshipi mkuu, kwa mfano 0.22 kwenye mshipi wa 0.30. Kikinasa kinakatika chenyewe, unapoteza ndoano moja badala ya boya, risasi na mita ishirini za mshipi. Chukueni ndoano za kutosha, kumi kwa kila mtu kwa siku, wala msione ni nyingi. Chambo ni minyoo au ugali uliosongwa mgumu na kukandwa na mafuta kidogo ili usiyeyuke. Konzi mbili za pumba zilizoloweshwa na kutupwa pale boya lilipo, dakika kumi na tano kabla, huwakusanya. Zaidi ya hapo mnawashibisha.

Boya la Mtera liwe dogo. Perege hanyakui, hunyonya chambo na kukitema. Ukiona boya limetikisika mara mbili halafu limelala ubavu, vuta. Ukisubiri lizame umechelewa.

Nyasa ina aina mbili za uvuvi wa ndoano. Ya kwanza ni mshipi wa mkono kutoka kwenye mtumbwi karibu na miamba: mita 50 za mshipi zilizozungushwa kwenye kijiti, risasi ya gramu 30 hadi 50, ndoano mbili, na vipande vya usipa, dagaa wa Nyasa, kwa chambo. Usipa mbichi hununuliwa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, asubuhi, kutoka kwa wavuvi wanaorudi na taa zao. Hao huvua usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa usipa hupungua na bei hupanda, kwa hiyo angalieni kalenda ya mwezi kabla ya kupanga. Msisogee mbali mkidhani kina kikubwa kina samaki wakubwa. Ziwa linafika takriban mita 700, lakini chini ya mita 250 hivi maji hayana oksijeni na hakuna samaki. Upande wa Milima ya Livingstone mwamba huzama wima, hatua chache tu kutoka ukingoni tayari ni kina kirefu. Vueni sambamba na ukingo.

Ya pili ni mbasa, na ndiyo inayowavuta wenye fimbo zenye rili. Mbasa ni mwindaji wa maji ya wazi anayefukuza usipa, na kijiko cha bati kinachong'aa cha gramu 15 hadi 25 humdanganya. Alfajiri mtumbwi upige kasia polepole, kijiko kikiwa nyuma mita 30 au 40. Jua likishapanda, acheni. Lakini kuna jambo la kupima hapa. Mvua zinapojaza mito, mbasa hupanda kwenda kutaga, na hujikusanya kwenye midomo ya mito ambako ni rahisi mno kumpata. Samaki huyu amepungua kwa sababu hiyo hasa. Atakayemlenga wakati huo mdomoni mwa mto anajikatia mwaka ujao, na mwaka ujao si ameshausema kwenye kundi la WhatsApp kwamba tutarudi?

Samaki wadogo wa rangirangi wa kwenye miamba waacheni. Hawashibishi na wengine hawapatikani popote duniani nje ya ziwa hilo.

Mufindi zana ni nyepesi: mshipi wa 0.20, boya jembamba kama kalamu, minyoo. Bwawa likiwa la trauti, mwenyewe mara nyingi huwa na masharti juu ya chambo na idadi ya samaki wa kuondoka nao. Fuateni.

Mamba, kiboko, kichocho

Hapa hakuna mzaha, na Mtera ndiyo ya kwanza. Kambi ikae si chini ya mita 50 kutoka majini, na mita 100 ni bora. Kabla ya kupiga hema, tembeeni ukingoni mkitafuta njia za kiboko: mifereji miwili sambamba yenye nyasi katikati, mara nyingi na kinyesi kilichotawanywa vichakani. Kiboko hutoka jioni kwenda kula na hufuata njia ileile kila usiku. Hema likiwa juu ya njia yake, atapita. Mtu akisimama kati yake na maji, atashambuliwa.

Mamba hujifunza ratiba. Anayechota maji sehemu moja saa moja kila jioni kwa siku tatu anampangia mamba miadi. Chota kwa ndoo yenye kamba ukiwa mita tatu kutoka ukingoni, badilisha sehemu, na samaki wasafishwe juu kambini, utumbo ufukiwe mbali. Kuoga majini Mtera ni marufuku ya kundi zima, hata kwa yule anayesema amezaliwa kando ya mto. Kuvua kambale usiku ukingoni pia kusiwepo. Muda wa saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni unatosha, kisha wote wapande.

Matema watu huoga, na ufukwe wa mchanga ulio wazi mbali na midomo ya mito ni sehemu yenye hatari ndogo zaidi. Tatizo la Nyasa ni kichocho. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji tulivu yenye majani na matete, karibu na watu wanapofulia. Ogeleeni kwenye mchanga mtupu, jikausheni haraka kwa taulo, na baada ya wiki sita hadi nane mkapime. Dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi. Kukaa nacho miaka ndiko kunakoua kibofu na ini.

Malaria ipo Matema na Mtera. Chandarua ndani ya hema, mikono mirefu jioni, na homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi ipimwe siku hiyohiyo. Watu wa Makete, Njombe na Mufindi walioishi kwenye baridi maisha yao yote hawana kinga ya mazoea, na ndio wanaoumwa sana.

Laifu jaketi kwa kila kichwa mtumbwini. Wenye mitumbwi wengi hawana, nunueni au kodini mjini.

Barabara na gari

Mbeya hadi Matema kupitia Uyole, Tukuyu, Kikusya na Ipinda ni kilomita 140 hadi 160 kutegemea mnapokatisha, lami. Noah inabeba watu sita na mizigo ikiwa na keria juu. Hesabuni lita 35 za petroli kwenda na kurudi, kwa sababu kupanda Tukuyu wakati wa kurudi hula mafuta. Iringa hadi Mtera lami yote. Angalieni breki kabla ya mlima Nyang'oro, shukeni kwa gia. Mufindi, mkiacha lami ni udongo mwekundu unaokuwa sabuni mvua ikinyesha saa moja tu. Desemba hadi Aprili nendeni na gari la kuvuta magurudumu yote, jembe na kamba ya mita kumi.

Maji, moto na chakula kwa watu sita, siku tatu

Maji ya kunywa na kupikia: Mufindi lita 3 kwa mtu kwa siku, Matema 4, Mtera 5. Hiyo ni madumu matatu ya lita 20 kwa Mufindi, manne kwa Matema, matano kwa Mtera. Ya ziwa yanafaa kuoshea vyombo, na kunywa ikiwa yamechemka kabisa dakika moja. Mufindi, kwa mwinuko ule, dakika tatu.

Moto: mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha siku tatu popote. Mkaa upo Mtera na Matema, lakini Mufindi gesi si anasa. Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko yote nchini, liko wilaya hiyo, na kiangazi moto wa wazi karibu na misindano ni kesi. Mkiruhusiwa kuwasha, kuni za miwati huwaka moto safi. Za misindano hutia sufuria masizi na kurusha cheche kwenye hema. Hema la nailoni hutobolewa na cheche moja.

Chakula msikipange kwa kutegemea samaki. Mchele kilo moja kwa milo ya watu saba, unga kilo moja kwa watu wanne wenye njaa ya kambi, maharage yaliyochemshwa nyumbani na kugandishwa (yanageuka barafu ya kupozea vinywaji siku ya kwanza), viazi vya Uyole, nyanya ngumu, vitunguu. Matema mchele nunueni kulekule. Ndizi Tukuyu, njiani. Mufindi, msimu ukiwa wake, mtauziwa ulanzi, pombe ya mianzi. Wa asubuhi ni mtamu na mpole, wa jioni umeshachacha na una nguvu, na hakuna anayepaswa kushuka bwawani baada yake.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Beba ndoo zenye mifuniko.

Vibali

Uvuvi wa ndoano wa starehe nao unahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Anzeni kwa afisa uvuvi wa halmashauri: Kyela kwa Matema, Iringa kwa upande wa Migori na Izazi wa Mtera. Ng'ambo ya pili ya bwawa ni Dodoma, maofisa wengine. Malipo hupitia namba ya malipo ya serikali. Anayetaka taslimu mkononi bila stakabadhi, mwambieni mtarudi. Mkifika mwaloni jitambulisheni kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Dakika kumi za salamu huwapa mlinzi wa kambi, nahodha mwaminifu na habari za mamba wa wiki hiyo. Eneo la ukuta na mitambo ya Mtera ni la ulinzi: hakuna kambi, hakuna kamera.

Kisiba, Ngozi na Rukwa

Kundi dogo lenye siku mbili litazame Kisiba, ziwa la kreta pale Masoko, Rungwe. Lina upana wa mita 700 hivi na kina cha mita 36, halina wimbi la maana hata wakati wa mwera, kwa hiyo ndilo mbadala wa Matema Agosti. Kuna perege na kambale, na kuna samaki mdogo ambaye wanasayansi waliandika mwaka 2015 kwamba anagawanyika kuwa aina mbili ndani ya ziwa hilohilo, mmoja wa pembeni na mmoja wa kina. Wenyeji watawasimulia zaidi kuhusu sarafu za Wajerumani wanazosema zilizamishwa humo. Sikilizeni, vueni.

Ngozi, juu kwenye Milima ya Uporoto, ni la kutazamwa. Maji yake yana chumvi na gesi ya volkeno, mteremko wa ndani ni mkali na huteleza, na hakuna uvuvi wa kufuata huko. Panda siku moja mkiwa njiani, msibebe fimbo.

Rukwa lina samaki, lina mamba kupita kiasi, na barabara za kutoka Chunya zinataka magari mawili. Si la safari ya kwanza ya kundi lolote.

Kurudi na samaki

Mtera hadi Iringa samaki mbichi wanafika kwenye barafu: kilo moja ya barafu kwa kilo mbili za samaki, utumbo na matamvua yameondolewa, ndoo imetobolewa chini ili maji yatoke. Samaki wanaoelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka huoza upesi kuliko walio wakavu. Kutoka Matema mchana wa joto, uwiano uwe kilo kwa kilo. Barafu ikikosekana, wapasueni mgongoni, wapakeni chumvi gramu 250 kwa kila kilo, wapangeni ngozi chini usiku mmoja, asubuhi mwageni maji waliyotoa, kisha waanikeni juu ya wavu, si juu ya mchanga. Siku mbili za jua la Mtera zinatosha. Mufindi hawakauki, wakaangeni huko huko mwale.